Pilipili Usiyoila: Mwongozo Kamili wa Kujipangia Maisha ya Ushabiki Mtandaoni

Usiku wa tarehe 5 Novemba 2023, Yanga walitufunga Simba mabao 5–1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mpira uliisha magharibi. Saa saba usiku mimi bado nimekaa kitandani, simu mkononi, naangalia viganja. Kama ulikuwepo unakumbuka: mashabiki wa Yanga walikuwa wanajipiga picha viganja vyao, vidole vitano wazi, na kuvituma kila mahali. Viganja kwenye grupu la ofisi, viganja kwenye grupu la ukoo, viganja hadi kwenye grupu la kwaya. Nikimaliza moja nafungua jingine. Nilikuwa nimeshamwandikia shemeji yangu maneno ambayo kesho yake ilinibidi nimpigie kumwomba radhi, na bado nilikuwa natafuta mwingine wa kumjibu. Mdogo wangu, ambaye wakati ule tulikuwa tunalala chumba kimoja, akageuka na kuniuliza kwa sauti ya usingizi, "Dada, kwani nani anakushikia hiyo simu?"

Sikuwa na jibu. Jioni nzima nilikuwa nimewakasirikia waliotuma viganja, maadmini waliowaacha, na kampuni zenye mitandao. Lakini magrupu yale yalifunguliwa na kidole changu mwenyewe, moja baada ya jingine. Wazee walishasema: pilipili usiyoila yakuwashiani? Mimi nilikuwa naila kwa viganja, kisha nalia kwamba inawasha.

Mwongozo huu ni mambo niliyojifunza tangu usiku ule. Nazungumza zaidi na mashabiki wa soka kwa sababu huko ndiko ninakoishi, lakini mfuasi wa msanii wa Bongo Fleva, mtazamaji wa tamthilia za Kituruki na za Kikorea, mpenzi wa anime (katuni za Kijapani) au msomaji wa hadithi za mtandaoni atakuta mambo ni yaleyale. Msimamo wangu ni mmoja: hakuna admin wala kampuni inayojua nini kinakuvunja moyo na nini kinakuchekesha. Wewe unajua. Basi kazi ya kuchagua kinachoingia machoni mwako ni yako, na inafanyika kwa vidole, kabla hasira haijafika.

Hatua ya 1: Andika unachokipenda na unachokishindwa

Chukua karatasi, usitumie simu. Upande mmoja andika kilichokupeleka kwenye ushabiki. Upande wa pili andika vinavyokunyima usingizi. Andika kwa undani. "Sipendi matusi" haikusaidii kitu, kwa sababu kila mtu atakwambia hapendi matusi.

Yangu ilikuwa hivi. Napenda utani wa jadi. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo watu wa Jangwani (Yanga) na watu wa Msimbazi (Simba) hawajaacha kutaniana. Ukiniondolea utani umeniondolea nusu ya mpira. Nikiitwa Kolo, jina la kuwatania watu wa Simba, nacheka, na mimi nitamwita mwenzangu wa Yanga Utopolo. Napenda uchambuzi wa mechi, picha za zamani, na sauti za watangazaji wa redio. Upande wa pili: siwezi kuona mchezaji akitukaniwa mama yake. Siwezi kuona video za watu walioumia. Sitaki wauza mikeka, yaani wanaouza utabiri wa kubeti, wanaojifanya mashabiki. Na sitaki matokeo ya mechi kabla sijaangalia marudio, kwa sababu baadhi ya wikiendi nafanya kazi.

Karatasi hii ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Mtu asiyekuwa nayo hufunga watu kwa hasira, na hasira haichagui. Niliwahi kumzuia rafiki aliyenitania mara moja, huku nikiwaacha watu watatu waliokuwa wakituma matusi mazito kila siku, eti kwa kuwa wao ni wa timu yangu. Nilipoisoma karatasi niliona aibu. Pilipili yangu ilikuwa inatoka upande wangu mwenyewe.

Hatua ya 2: Anza na WhatsApp, kwa sababu ndiko nyumbani

Ushabiki wetu unaishi WhatsApp kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo hapa nitakaa.

Funga lango kwanza. Nenda kwenye mipangilio, kisha faragha, kisha sehemu ya magrupu. Hapo unachagua nani anaweza kukuingiza kwenye grupu bila kukuuliza. Ukichagua watu uliowahifadhi kwenye simu pekee, mtu mwingine atalazimika kukutumia mwaliko wa faragha, na una siku 3 za kuukubali kabla haujakufa wenyewe. Kwa wengi wetu hili peke yake linamaliza wauza mikeka.

Kisha pitia magrupu uliyonayo na uyagawe matatu. Kuna unayoyafungua kila siku kwa furaha, hayo yaache. Kuna ambayo huwezi kuondoka lakini hayakujengi: la ofisi, la mtaa, la mliosoma pamoja. Hayo yanyamazishe moja kwa moja, kisha yaweke kwenye kumbukumbu (archive). Yatahamia kwenye droo yake na hayatapiga kelele, ila mtu akikutaja jina au akijibu ujumbe wako. Wapo wanaokutaja makusudi, "Kolo uko wapi leo?", na dawa yao ni kutokujibu mbele ya watu, ukitaka kuongea nao, ongea nao pembeni. Aina ya tatu ni ya kuondoka tu.

Kuhusu kuondoka. Tangu mwaka 2022 ukilefti grupu la WhatsApp taarifa inakwenda kwa maadmini peke yao, grupu zima halitangaziwi. Usidhani basi umetoweka, kwa maana orodha ya walioondoka inaonekana kwa siku 60. Kwenye grupu la mashabiki usilolijua mtu, ondoka bila hotuba. Hotuba za kuaga ("kwa sababu ya utovu wa nidhamu nimeamua...") huanzisha vita nyingine, na utabaki nje ukiulizia wamesema nini. Lakini kwenye grupu la ukoo usitoroke. Muandikie mkubwa wake kwanza. Mimi nilimwandikia shangazi: "Shangazi shikamoo. Naomba nikuage kwenye grupu la familia siku za mechi, maneno yananizidi na sitaki kumkosea mtu adabu. Kukiwa na msiba au harusi tafadhali nipigie." Akajibu, "Marahaba mwanangu, hata mimi nilikuwa nafikiria." Sikuhitaji kuondoka, yeye mwenyewe alitangaza kwamba mambo ya mpira yafunguliwe grupu lake.

Sasa stetasi. Watu wengi husahau kwamba kiganja kinachouma kuliko vyote hakiko kwenye grupu, kiko kwenye stetasi ya mtu unayempenda. Bonyeza jina lake kwenye orodha ya stetasi, shikilia, nyamazisha. Hataambiwa. Mtaendelea kuandikiana kama kawaida. Kuna watu wanaliona hili kama unafiki. Mimi naliona kama kumlinda mtu dhidi ya ulimi wangu mwenyewe.

Kingine ni picha na video kujipakua zenyewe. Kwenye mipangilio ya hifadhi na data, zima upakuaji wa kiotomatiki kwa data na kwa Wi-Fi pia. Zima vilevile picha za magrupu kuonekana kwenye maktaba ya picha ya simu. Bando litapona, lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Siku moja nilimpa mtoto wa dada yangu simu aangalie picha za birthday yake, na katikati ya picha za keki akakutana na video ya ajali iliyotumwa na mtu kwenye grupu la mashabiki. Alikuwa na miaka sita. Aliyeituma ana lake la kujibu, lakini mlango niliuacha wazi mimi.

Hatua ya 3: Jiandae kabla ya mechi, sio baada

Hii ndiyo hatua ambayo ikikushinda nyingine zote hazitakusaidia. Baada ya kufungwa huna nguvu ya kujizuia. Hakuna mtu aliyefungwa tano akafungua mipangilio kwa utulivu. Kwa hiyo maamuzi yafanyike mkiwa bado sare, yaani kabla mpira haujaanza.

WhatsApp inakupa kunyamazisha kwa saa 8, kwa wiki moja, au moja kwa moja. Mechi ikianza saa kumi na moja jioni, mimi nanyamazisha magrupu ya mpira saa kumi. Saa 8 zinaisha saa sita usiku, nimeshalala. Derby ya Kariakoo, yaani Simba na Yanga, naipa wiki nzima. Nabakiza grupu moja tu wazi, la marafiki wanne, wawili Simba na wawili Yanga, ambao tunajuana mipaka yetu. Tukishinda naingia kwenye mengine kwa mkono wangu na nafurahi na watu. Tukifungwa, kimya kimeshapangwa.

Kama una zamu ya usiku au utaangalia marudio, zima data kabisa au toa WhatsApp na Facebook kwenye taarifa za skrini. Nesi mmoja ninayemfahamu hubandika karatasi kwenye kabati lake kazini: "Usiniambie matokeo, naangalia asubuhi." Wenzake wanaheshimu. Ni teknolojia nzuri kuliko zote nilizozitaja hapa.

Hatua ya 4: Ifundishe mashine

TikTok, YouTube, Facebook, Instagram na X hazikuonyeshi tu uliowafuata. Zinakuonyesha kile ambacho umekaa nacho. Hapa wengi wetu tunajidanganya: tunaangalia video ya mtu anayetukana timu yetu hadi mwisho, tunaandika komenti ndefu ya kumjibu, tunawatumia watu kumi "oneni huyu mjinga", kisha kesho tunashangaa kwa nini zimekuja kama hiyo nyingine ishirini. Mashine haina namna ya kujua kwamba ulikuwa unasaga meno. Imeona umekaa, umeandika, umesambaza. Imekuhesabu kama mpenzi.

Kanuni ya kwanza basi: usichokitaka usikiguse. Usikijibu, usikipige picha ya skrini kukipeleka grupu jingine, usikichapishe upya na maneno ya dharau juu yake. Pita.

Kisha tumia vifaa. TikTok, shikilia video na uchague kwamba haikuvutii. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuchuja maneno, na kuna namna ya kuanza upya kabisa kama ukurasa umeshaharibika. YouTube, bonyeza vidoti vitatu pembeni ya video na uiambie isikupendekezee chaneli hiyo tena. Jambo ambalo wengi hawalifanyi: ingia kwenye historia ya ulivyotazama na ufute zile video ulizozitazama kwa hasira, maana mapendekezo yanajengwa juu ya historia hiyo. Facebook inakuruhusu kumpumzisha mtu kwa siku 30 bila kumfuta urafiki. Kwa shemeji na wajomba ni dawa nzuri sana. X inachuja maneno kwa saa 24, siku 7, siku 30 au milele. Instagram inaficha komenti zenye maneno uliyoyaorodhesha chini ya picha zako.

Kuhusu kuchuja maneno, wanaotumia Kiswahili tuna tatizo letu ambalo miongozo ya lugha nyingine haiwezi kukwambia. Vichujio vingi vinatafuta neno zima kama ulivyoliandika. Kiswahili kinabadilisha mwanzo wa neno kila mara: Kolo, Makolo, ukolo, kafa, amekufa, atakufa. Ukichuja "amekufa" ili usiharibiwe mwisho wa tamthilia, mwenzako ataandika "kafa" na imepita. Kwa hiyo andika maumbo yote ya nomino unayoyakumbuka, umoja na wingi, na vifupisho vya vijana. Kwa tamthilia achana na vitenzi, chuja majina: jina la tamthilia, la mhusika, la mwigizaji. Majina hayanyambuliki.

Hatua ya 5: Soma lebo

Hapa naomba niende mbali kidogo na mpira, kwa sababu somo la lebo sikulipata kwenye mpira. Nililipata kwenye hadithi.

Kuna hifadhi ya hadithi zinazoandikwa na mashabiki inaitwa Archive of Our Own, wenyeji wanaiita AO3. Iko chini ya Organization for Transformative Works, shirika lisilo la faida lililoanzishwa mwaka 2007 nchini Marekani. Hifadhi yenyewe ilifunguliwa kwa umma Novemba 2009, na mwaka 2019 ikapata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi na za njozi. Inaendeshwa na watu wanaojitolea. Haina matangazo, na haina mashine ya kukupendekezea kitu. Ina zaidi ya hadithi milioni 10, karibu kila aina uwezayo kuifikiria, zikiwemo ambazo zitakuchukiza. Za Kiswahili bado ni chache. Mimi nilifika huko kupitia anime.

Wenyewe hawakujenga kwa kufuta yanayochukiza. Walijenga kwa kuyaandika juu ya mlango. Mwandishi anapoweka hadithi lazima aseme ni ya umri gani, au aseme hajaipanga, na lazima aseme lolote kuhusu tahadhari nne: ukatili unaoelezwa waziwazi, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayomhusu mtu chini ya umri. Anaweza pia kuchagua kwamba hataki kutaja tahadhari yoyote. Hapa wageni wengi huanguka. Hiyo haina maana kwamba hadithi ni salama. Maana yake ni kwamba inaweza kuwa na lolote kati ya hayo manne na umeingia kwa hiari yako. Ziko pia lebo za mwandishi mwenyewe, nyingi sana. Mojawapo maarufu ni ya njiwa mfu asiyefaa kuliwa ("Dead Dove: Do Not Eat"): mwandishi anakwambia kilichoandikwa kwenye lebo ndicho hasa kilichomo, usije ukafungua kisha ukashtuka.

Miezi yangu ya mwanzo nilisoma hadithi ndefu hadi saa nane usiku. Sura ya mwisho kijana niliyempenda akafa. Nililia, kisha nikakasirika, nikashuka kwenye komenti kumwambia mwandishi amenidhulumu. Nilishaandika aya mbili. Nikapandisha juu kutafuta jina lake nimtaje, na pale juu kabisa, mstari wa pili, ilikuwepo tangu siku ya kwanza: kifo cha mhusika mkuu. Nikafuta aya zangu. Sijawahi tena kufungua hadithi kabla sijasoma lebo.

Kama unatumia AO3, fanya hivi. Fungua orodha ya hadithi za kile unachokipenda, kisha bonyeza kitufe cha kuchuja. Utakuta sehemu mbili, ya kujumuisha na ya kuondoa. Wengi hutumia ya kwanza tu. Nenda ya pili, weka alama kwenye tahadhari usizozitaka, na uandike lebo nyingine usizotaka kuziona. Weka pia alama ya hadithi zilizokamilika pekee, kama huwezi kuvumilia mwandishi anayeachia njiani. Ukishamaliza, hifadhi ukurasa huo kwenye kivinjari chako, kwa kuwa machaguo yako yote yamo kwenye anwani yake. Kesho ukibonyeza unakuta orodha imeshachujwa. Ukiwa na akaunti unaweza pia kumnyamazisha mwandishi fulani, hadithi na komenti zake zisikutokee tena.

Desturi hii niliirudisha kwenye mpira. Magrupu yetu hayana lebo rasmi, lakini yana dalili. Soma maelezo ya grupu kabla hujajiunga. Soma jumbe hamsini za mwanzo kabla hujafungua mdomo. Ukiona kila ujumbe wa tatu ni mkeka, hilo ni grupu la mikeka, hata kama jina lake ni "Wana Msimbazi Damu". Ukiona wanatukana wachezaji baada ya sare, usingoje kufungwa ndipo ushangae.

Hatua ya 6: Weka lebo kwenye vya kwako

Nikidai haki ya kuchagua kinachoniingia, wewe pia unaidai, na huwezi kuchagua kama mimi nimekuficha. Kwa hiyo kazi haiishii kwenye masikio, inafika mdomoni.

Ukitaka kusimulia mwisho wa tamthilia, mstari wa kwanza uandike tahadhari na namba ya sehemu, kisha uache mistari mitupu mingi ili habari yenyewe ishuke chini. Telegram ina namna ya kufunika maneno hadi msomaji aguse, itumie. Usiweke siri ya hadithi kwenye picha ya kwanza. Matokeo ya mechi yasiwe jina la grupu ndani ya dakika tano tangu filimbi. Kuna mtu yuko kwenye daladala anakimbilia nyumbani kuangalia. Video ya mtu aliyeumia usiitume kabisa, na kama kuna sababu ya kweli, andika kilichomo kabla ya kuituma. Na pilipili yako usimpelekee mwenyewe mlangoni: kumchambua mchezaji kwenye grupu lenu ni ushabiki, kumfuata kwenye ukurasa wake kumtukana ni jambo jingine. Hata kama amekosa penalti. Hasa kama amekosa penalti.

Wanaoandika hadithi zao Facebook na WhatsApp kwa sehemu sehemu, nawaomba jambo hilohilo. Mstari mmoja juu: ina matusi, ina mapenzi ya watu wazima, ina kifo cha mtoto. Hamtapoteza wasomaji. Mama aliyefiwa atakushukuru kwa kupita, na atarudi kwenye hadithi yako ijayo.

Hatua ya 7: Jua isiyo pilipili

Nimesema mengi kuhusu kupita na kunyamazisha, na nisingependa mtu ayatumie kumwambia aliyedhulumiwa "si ungeondoka tu". Kuna vitu kunyamazisha si jibu lake: mtu anakutishia, anatangaza namba yako au mahali unapoishi, anasambaza picha zako za faragha, anamwandikia mtoto mambo ya ngono, anachochea watu wapigwe kwa sababu ya kabila au dini yao.

Hapo mpangilio ni tofauti. Usifute. Piga kwanza picha za skrini zinazoonyesha namba au jina la akaunti pamoja na tarehe na saa. Hamishia picha hizo mahali pengine, au mtumie mtu unayemwamini. Ndipo uripoti kwenye mtandao wenyewe. WhatsApp ukiripoti akaunti, kampuni inapokea hadi jumbe tano za mwisho. Ndipo umzuie. Wengi huanza na kuzuia na kufuta mazungumzo, na wanafika polisi mikono mitupu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, na unyanyasaji wa mtandaoni umo katika zote mbili. Mwambie pia admin kwa maandishi, ili asije akasema hakujua.

Na mtoto hajipangii mwenyewe. WhatsApp na TikTok zinataka mtumiaji awe na miaka 13 na zaidi, na hata akifika huko, kaa naye mpange pamoja, simu mkononi mwake, wewe pembeni.

Hatua ya 8: Kagua, na ufungue

Kila baada ya miezi mitatu hivi, chagua Jumapili moja yenye nafasi. Chukua ile karatasi. Fungua droo ya magrupu uliyoyaweka kwenye kumbukumbu, orodha ya uliowazuia, orodha ya maneno uliyoyachuja. Jiulize kwa kila kimoja kama bado kinauma. Vingine vitakuwa vimepoa. Wachezaji wamehama, tamthilia imeisha, na yule kijana mwenye matusi sasa ana mke na anaposti mapishi.

Kufungua kuna umuhimu wake sawa na kufunga. Mtu anayefunga tu anaishia na chumba chenye sauti yake peke yake, na ushabiki wa mtu mmoja hauna ladha. Mimi bila Yanga wa kunitania sina mpira.

Shemeji yangu nilinyamazisha stetasi zake asubuhi baada ya ile simu ya kuomba radhi. Nilimfungulia mwaka mmoja baadaye, mwezi Novemba, nikiwa nafanya ukaguzi wangu. Stetasi yake ya kwanza iliyonitokea ilikuwa kiganja, vidole vitano wazi, na chini yake tarehe. Nikampigia kumwambia nimekiona.